Majibu yafichwe wapi? Swali la dogo wa Kidato cha Tatu

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimeacha kuandika au nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa TP, mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja jina, na nimerudi chuoni na jambo lililonikaa rohoni. Leo nalitoa. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una kipindi saa hii nenda kwanza darasani, utanikuta hapa hapa.

Mnanijua, mimi ni mtu wa Jiografia na Hisabati. Lakini rumeti wangu anasoma kompyuta, na mwaka jana alinifundisha kutengeneza kurasa za HTML na JavaScript kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichoniponza.

Shule ile ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine kumi na moja zinazowaka. Intaneti hakuna. Nikajisemea, mimi ni mwalimu wa kisasa, badala ya kusahihisha karatasi mpaka usiku wa manane ngoja nitengeneze jaribio la Jiografia la maswali 20 ya kuchagua, kompyuta isahihishe yenyewe. Nikatengeneza ukurasa mmoja, nikauweka kwenye flashi, nikaunakili kwenye mashine zote. Wanafunzi wakawa wanaingia kwa zamu, kundi baada ya kundi. Mwanafunzi anajibu, anabofya, alama zinatokea. Nilijiona bonge la mtaalamu. Walimu wenyeji walikuja kuchungulia dirishani.

Tatizo lilianzia swali la 14. Swali liliuliza ziwa lipi lina kina kirefu kuliko yote Afrika. Chaguo zilikuwa Victoria, Tanganyika, Nyasa na Rukwa. Jibu kila mtu analijua, ni Tanganyika, mita karibu 1,470 kwenda chini, duniani inatanguliwa na Baikal tu. Lakini kwenye msimbo wangu nilikuwa nimeandika kwamba jibu sahihi ni namba 2, nikimaanisha chaguo la pili. Kumbe JavaScript inahesabu kuanzia sifuri. Victoria ni 0, Tanganyika ni 1, Nyasa ni 2. Kwa hiyo ukurasa wangu ulikuwa unaamini kwamba jibu ni Nyasa, na mwanafunzi anayejua kila kitu alikuwa hawezi kupata zaidi ya 19.

Wanafunzi sita walipata 20.

Mnaona sasa. Sita wote waliandika Nyasa. Hakuna aliyebahatisha, walikuwa wamesoma majibu yangu, pamoja na kosa langu. Haikuchukua muda kujulikana kwamba mmoja wao, dogo mpole wa kiti cha nyuma, alikuwa kwenye kundi la kwanza, akabonyeza Ctrl na U kwenye kibodi, ukurasa ukamfungukia tumbo lake lote. Maswali, majibu na programu ya kusahihisha, vyote viko pale. Akatoka, akawapa rafiki zake watano.

Habari ilipofika ofisi ya walimu ilibadilika sura. Ikawa "kadukua mfumo". Mwalimu mmoja akasema huyu mtoto ni hatari, leo jaribio, kesho mtihani wa taifa. Mwalimu wa nidhamu akataka viboko, mzazi aitwe, na barua ya kusimamishwa iandaliwe. Wakanigeukia mimi, mtaalamu. Je, kijana ameingia kwenye mfumo?

Nikanyamaza. Nataka niwe mkweli kwenu, nilinyamaza siku nzima. Msimamizi wangu kutoka chuo alikuwa anakuja Ijumaa kunikagua, na mimi sikutaka aambiwe kwamba mwanafunzi wake amegawa majibu ya jaribio kwa darasa zima. Maana ukweli ndio huo. Hakuna mfumo uliodukuliwa. Hapakuwa na mfumo! Nilichukua karatasi ya majibu, nikaikunja, nikaiweka chini ya karatasi ya maswali, nikampa mtoto zote mbili, halafu nikategemea asifunue.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma nikamweleza. Hakufurahi, lakini barua ya kusimamishwa haikuandikwa. Dogo na wenzake walifyeka nyasi wiki nzima kwa kosa la kupeana majibu, ambalo ni kosa kweli, na jaribio likarudiwa kwa karatasi. Msimamizi alipokuja nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Alama alizonipa ni siri yangu na yeye.

Siku ya mwisho ya nyasi dogo akanifuata. Akanisalimia kwa adabu, shikamoo mwalimu, halafu akauliza: "Sasa mwalimu, majibu ulipaswa uyafiche wapi?"

Wadau, hilo ndilo swali bora nililoulizwa TP nzima, na sikuwa na jibu. Nilimumunya maneno, nikamwambia "kwenye seva", nikaondoka haraka asije akauliza seva ni nini. Nimerudi chuoni nimejifunza, na ninachotaka kusema leo ni hiki: hakuna mwalimu anayepaswa kumaliza chuo bila kujua jibu la swali lile. Na ngoja kwanza nilijibu, halafu tubishane.

Ukitaka kuelewa tovuti, fikiria ofisi ya usajili hapa chuoni. Wewe unasimama dirishani. Nyuma ya dirisha yuko karani, na nyuma ya karani iko masjala, makabati na mafaili. Unataka kujua kama ada yako imeingia, unaandika namba yako ya usajili kwenye karatasi, unaipenyeza dirishani. Karani anasoma karatasi, anaangalia kama una haki ya kuuliza, anakwenda kwenye kabati, anafungua faili, anaandika jibu, anakurudishia. Hukuingia masjala. Hukuona faili la mwenzako. Ulichopata ni kile tu alichoamua kukupa.

Kivinjari kwenye simu yako ndicho wewe uliyesimama dirishani. Seva ni lile jengo. Karani ni programu inayokaa ndani ya seva, na masjala ni kanzidata. Vyote vilivyo upande wa pili wa dirisha, watu wa kompyuta wanaviita bekendi, upande wa nyuma. Vinavyotua kwenye simu yako, rangi, vitufe, picha na JavaScript, ni upande wa mbele. Sheria kuu ni moja, na natamani ingeandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kompyuta: kilichofika upande wa mbele kimeshatolewa. Ni mali ya aliyekipokea. Anaweza kukifungua, kukigeuza na kukisoma, na hajavunja mlango wa mtu.

Kwa hiyo majibu yanafichwa masjala. Ukurasa unapeleka maswali tu. Mwanafunzi anachagua, chaguo lake linasafiri kwenda kwa karani, karani analinganisha na faili, anarudisha alama. Ndivyo inavyofanya Moodle, ile programu ambayo vyuo vingi vinatumia kwa masomo ya mtandaoni. Bonyeza Ctrl na U mpaka vidole vichubuke, jibu hulioni kabla hujatuma, kwa sababu halijafika kwako.

Seva nayo si dude la ajabu. Ni kompyuta iliyoachwa wazi ikisubiri maombi. Ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta ya NeXT kwenye meza ya Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi. Yeye aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa 1990 mashine ile ilikuwa inafanya kazi. Aliibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu kuonya kwamba hii ni seva, msiizime. Maana mfanya usafi angechomoa waya, wavuti yote ya dunia ingezimika! Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kutengeneza tovuti leo bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa karatasi yako inafikaje dirishani? Unapoandika anwani ya tovuti, simu haijui hilo jina liko wapi. Ni kama simu yako inavyohifadhi "Mama" lakini inapiga namba. Kuna huduma inayoitwa DNS, aliyoibuni Paul Mockapetris mwaka 1983, kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Baada ya hapo ombi lako linakatwa vipande vidogo, vinasafiri kupitia mnara, waya za ardhini, na mara nyingi mikongo iliyolala chini ya bahari, kisha vinaunganishwa upya upande wa pili. Ombi lenyewe limeandikwa kwa lugha inayoitwa HTTP, na ni maandishi tu. Linasema: naomba ukurasa fulani. Hilo ni GET. Au linasema: pokea hizi taarifa zangu. Hilo ni POST.

Na jibu huja na namba ya tarakimu tatu. Hapa ndipo naomba mniangalie usoni, kwa sababu hizi namba ni siasa. Zinazoanza na 2 maana yake mambo safi. Zinazoanza na 3, nenda pale, tumehama. Zinazoanza na 4, tatizo liko kwenye ombi lako: 404 ulichoomba hakipo, 403 huna ruhusa. Zinazoanza na 5, tatizo liko kwao: 500 programu yao imekwama, 503 seva imezidiwa au iko kwenye matengenezo.

Kwa nini siasa? Kwa sababu sisi wote tumelelewa kwenye sentensi moja: "mtandao unasumbua". Unakwenda ofisi yoyote, unaambiwa mtandao hamna, rudi kesho. Unarudi kesho, mtandao hamna. Neno moja linabeba mizigo mitatu. Kuna siku ambayo ni kweli njia imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hata ungemlilia karani asingekusikia, barabara haikuwepo. Lakini kuna siku nyingine njia ni nzima kabisa, unaangalia video za mpira bila kukwama, ila seva moja imeelemewa. Na kuna siku seva ni nzima, aliyeandika programu ndiye aliyekosea. Ni magonjwa matatu, na kila moja lina mganga wake. Ukiyaita yote "mtandao" hakuna mtu anayewajibika, kwa sababu mtandao hauna ofisi wala simu ya kuupigia.

Mfano mnao. Mnakumbuka usiku wa mwisho wa kujisajili masomo muhula uliopita. Binti mmoja wa darasa letu alibofya "wasilisha", ukurasa ukaganda, akabofya tena, akabofya tena. Asubuhi ana ada ya aina moja imeandikwa mara tatu, na mfumo unamhesabu ana deni, kwa hiyo hana haki ya kufanya mtihani. Akaambiwa mtandao ulisumbua na kwamba yeye ndiye aliyebofya sana. Alihangaika kwenye makorido wiki mbili. Wakati huo nilimwonea huruma tu. Leo ningesimama naye dirishani. Ile ilikuwa POST iliyofika mara tatu, na karani aliyefundishwa vizuri anajua kuangalia: hili ombi si ndilo nililolipokea sekunde tano zilizopita? Mtu kubofya mara tatu pale ukurasa unapoganda ni jambo la kawaida kabisa, kila binadamu hufanya hivyo. Programu ya upande wa nyuma ndiyo inayopaswa kulitegemea. Lawama ziliwekwa upande wa mbele, kwa binti, wakati kosa lilikaa nyuma.

Mnaona linavyofanana na la dogo? Pale penye ujinga wa jinsi kitu kinavyofanya kazi, lawama humwangukia aliye dhaifu zaidi.

Na msidhani ni ushamba wetu huku. Oktoba 2021, jimbo la Missouri huko Marekani, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch aligundua kwamba tovuti ya idara ya elimu ya jimbo ilikuwa inapeleka namba za siri za utambulisho wa walimu ndani ya msimbo wa ukurasa. Hazikuonekana kwenye kioo, lakini zilikuwemo. Walimu waliokuwa hatarini walitajwa kuwa zaidi ya laki moja. Gazeti likaiarifu idara kwanza, likasubiri tatizo lizibwe, ndipo likaandika. Gavana Mike Parson akasimama mbele ya wanahabari akamwita mwandishi mdukuzi na kutaka ashtakiwe. Februari 2022 mwendesha mashtaka akasema hafungui kesi. Gavana mzima, na washauri wake wote, alishindwa kutofautisha kuvunja masjala na kusoma karatasi uliyopewa mkononi. Mwalimu wetu wa nidhamu ana nafuu, yeye alielewa kwa dakika kumi.

Sasa kozi yetu ya TEHAMA hapa. Sitaki kumvunjia heshima mtu, wanaotufundisha wanajitahidi. Lakini tumefundishwa nini? Kuandika barua, kupanga jedwali, kutengeneza slaidi zinazoruka kutoka kushoto. Ni ujuzi, sikatai, nimeutumia. Ila ni ujuzi wa mtu wa dirishani. Hakuna hata kipindi kimoja tulichoambiwa nyuma ya dirisha kuna nini. Halafu ndio sisi tutakaowaingizia wanafunzi alama kwenye mifumo, kutunza majina na taarifa zao, kuwasajili mitihani, na kuwahukumu wakibofya pasipotakiwa.

Nawasikia. Wa kwanza anasema sisi ni walimu, hayo ni ya mainjinia. Ndugu yangu, sikuambii ujenge benki. Mwalimu wa Baiolojia si daktari lakini anajua moyo uko wapi. Na kama unadhani elimu na seva havikai chungu kimoja, aliyeanzisha Moodle, Martin Dougiamas wa Australia, alikuwa mtu wa kompyuta aliyeingia kusoma elimu, na toleo la kwanza kamili alilitoa 2002 akiwa anawaza namna watu wanavyojifunza kwa kujenga vitu pamoja. Programu ile imejaa mawazo ya ualimu. Ingeweza kuwa ya mmoja wetu.

Wa pili anasema shule zenyewe hazina intaneti. Hapa ndipo nilipochekwa na rumeti wangu mpaka nikaona aibu. Kumbe seva haihitaji intaneti! Laptopu yangu moja, ikiwekewa programu ya bure kama XAMPP, inakuwa seva. Zile mashine kumi na moja ningeziunganisha nayo kwa waya au kwa ruta ndogo isiyo na bando hata la shilingi mia, na jaribio langu lingefanyika vizuri kabisa, majibu yakiwa yamelala kwenye laptopu yangu mezani. Kuna mfumo unaoitwa Kolibri, wa Learning Equality, uliojengwa kwa wazo hilo hilo, masomo yanakaa kwenye kompyuta moja shuleni na wanafunzi wanayafikia bila kwenda nje. Kwa hiyo nilikuwa na kila kitu kilichohitajika isipokuwa kujua.

Wa tatu anasema ni vigumu. Ni vigumu kiasi, sidanganyi. Lakini PHP, lugha niliyoanza nayo, Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kama vijizana vya kuhesabu watu waliotembelea ukurasa wake binafsi. Haikuzaliwa kwa watu wenye koti jeupe. Ukurasa wangu wa kwanza wa upande wa nyuma ulinichukua jioni tatu. Ulikuwa unapokea jina na kusema "Karibu" pamoja na jina hilo. Niliruka kitandani kama nimepata bumu.

Na ukishaanza, kuna mambo ambayo hutayasahau tena. Nitawapa matatu, kisha niwaache.

La kwanza, seva ni sahaulifu. Kila ombi kwake ni mgeni mpya, hata kama ulipita sekunde moja iliyopita. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alileta vidakuzi. Ni kama unapoacha begi kwenye mlango wa duka kubwa unapewa kibao chenye namba. Ukirudi unakionyesha, wanajua begi lako ni lipi. Ukiingia kwenye akaunti yako ya chuo unapewa kibao. Usipofunga akaunti kwenye kompyuta ya maktaba, umeacha kibao mezani, na anayekuja baada yako atachukua begi.

La pili, karani hapaswi kuamini karatasi. Fomu inaweza kukuzuia kuandika herufi mahali pa namba, lakini kizuizi hicho kipo kwenye simu yako, na mtu anaweza kukiondoa. Bekendi nzuri hukagua kila kitu upya kana kwamba hakuna aliyekagua. Hili mimi nimeliona la kialimu kabisa. Mwanafunzi akikwambia "nimeshasahihishiwa", utamwamini hivi hivi?

La tatu, nywila. Masjala nzuri haitunzi nywila yako. Inaisaga. Ukisha kusaga mahindi ukapata unga, huwezi kurudisha punje. Ukija kesho na nywila yako, karani anaisaga tena na kulinganisha unga kwa unga. Wengine hawasagi. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliingiliwa, nywila milioni 32 zikakutwa zimeandikwa wazi wazi, punje kwa punje. Jipime mwenyewe: ukibofya "nimesahau nywila" na tovuti ikakutumia nywila yako ile ile ya zamani, ujue hapo hawasagi. Mimi nimeshaondoka kwenye tovuti mbili kwa sababu hiyo.

Hayo yote hayahitaji digrii ya kompyuta. Yanahitaji vipindi sita, labda vinane, vya mtu anayejua kueleza. Nimeandika barua kwa idara yetu kuomba viongezwe kwenye kozi ya TEHAMA, na nimeacha nafasi za majina chini. Anayekubaliana nami aje chumbani kwangu asaini, usiogope, hakuna matusi ndani. Asiyekubaliana aniandikie hapa, tubishane kistaarabu. Na wakati tunasubiri barua ijibiwe, rumeti wangu amekubali kutufundisha Jumamosi saa nne asubuhi, bure, sharti lake ni chai na maandazi. Njoo na laptopu kama unayo, kama huna kaa na mwenye nayo.

Kuhusu dogo. Hana simu, yuko bweni, na mimi sina sababu ya kurudi kule mpaka nitakapopangiwa kazi, ambako ni Mungu anajua. Kwa hiyo nimeandika jibu lake kwenye karatasi mbili, kwa mkono, na mchoro wa dirisha, karani na makabati. Mwenzetu mmoja ana ndugu anayefundisha pale, anasafiri wiki ijayo, nimempa. Mwishoni nimemwandikia kwamba jibu la swali la 14 ni Tanganyika, na kwamba Nyasa lilikuwa kosa langu.

Alamsiki.